Leipzig, Nje ya Darasa

Chuo cha Herder kilikuwa Barabara ya Lumumba, kaskazini kidogo ya katikati ya mji wa Leipzig. Barabara hiyo ilipewa jina la Patrice Lumumba baada ya kuuawa kwake mwaka 1961, na karibu na chuo palikuwa na sanamu yake. Wanafunzi kutoka Msumbiji, Angola, Ethiopia, Vietnam, Kuba, Syria na Yemen ya Kusini walipita mbele ya sanamu hiyo asubuhi, vitabu kwapani, shingo zimezama ndani ya makoti mazito ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyavaa kabla. Nami nilikuwa miongoni mwao kuanzia mwaka 1985, msichana wa Unguja niliyepelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea kilimo cha nchi za joto.

Nchi ile haikuwa ngeni kabisa kwa Mzanzibari. Zanzibar iliitambua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani mapema mwaka 1964, ikazitangulia nchi nyingine za Afrika, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni, mtaa niliokulia, zilijengwa kwa msaada wake. Utotoni niliwaona wataalamu wa Kijerumani wakipita na michoro yao ya majengo. Tuliwaamkia, wakatuitikia, basi. Wao walikuwa na wakalimani wao, sisi tulikuwa na michezo yetu. Sikumjua mtoto hata mmoja mtaani kwetu aliyepata Kijerumani kwa ujirani ule, na jambo hilo nimelifikiria sana ukubwani. Kukaa karibu na wenye lugha hakutoshi. Lazima pawe na shughuli inayowakutanisha watu, na kila upande uwe na haja na mwenzake. Leipzig ndiko nilikoliona hilo kwa macho yangu, kwa Kijerumani kwanza, kisha kwa Kirusi.

Chuo cha Herder kilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, na mwaka wetu wa kwanza wote ulikuwa wa Kijerumani: asubuhi sarufi, mchana mazoezi ya kusikiliza kanda, jioni kazi za kuandika. Walimu walikuwa hodari. Walijua kumfundisha mtu asiyekuwa na neno hata moja, bila kupitia Kiingereza wala Kifaransa, kwa picha, kwa vitendo na kwa kurudia bila kuchoka. Baada ya miezi michache tuliweza kusoma habari za mizizi ya ngano au mzunguko wa damu na kuzieleza ubaoni. Lakini tukipanda tramu kurudi dakhalia, tulisikia maneno ambayo darasani hayakuwapo. Watu wa Leipzig wana Kijerumani chao cha Saksonia: sauti ya p inakaribia b, ya t inakaribia d, silabi zinamezwa, na mazungumzo yanakwenda mbio. Mtu aliyepata alama za juu asubuhi alikuwa hana la kusema mbele ya muuza mikate jioni.

Mwalimu wetu wa sarufi, mama wa makamo aliyependa kuvaa skafu za rangi kali, aliliona hilo. Hakutwambia "nendeni mkazungumze", maana mgeni hawezi kusimama njiani akamzungumzisha mpita njia bila sababu. Yeye alitutafutia sababu. Mmoja alitumwa kituo kikuu cha reli, chenye majukwaa 26, akaulize treni ya Dresden inaondoka jukwaa gani na kama siku ya Jumapili saa zinabadilika. Mwingine alitumwa posta kujua gharama ya kupeleka kifurushi Hanoi. Mimi nilitumwa sokoni kuuliza aina za matofaa, lipi la kupika na lipi la kula bichi. Kesho yake kila mmoja alieleza alichojibiwa, na mwalimu aliandika ubaoni yale tuliyoyasikia bila kuyaelewa. Hapo ndipo somo la siku lilipoanzia.

Darasa letu lilikuwa pia na walezi, kikundi cha wafanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba katika mtaa wa Plagwitz. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1884, na wakati fulani kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika bara la Ulaya. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni iliyokimiliki ilikuwa hata na mashamba ya pamba huku kwetu, katika Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Wajerumani. Nilipolisikia hilo kutoka kwa fundi mmoja mzee nilisimama kimya nikiyatazama majengo yale ya matofali mekundu. Pamba iliyolimwa na babu zetu, wengi wao kwa kulazimishwa, ilisafiri mpaka pale. Wanawake wa kiwandani nao walikuwa hawaijui habari hiyo, au waliwahi kuisikia wakaisahau. Tuliizungumza siku hiyo wakati wa chai, mimi kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, wao wakinisubiri nimalize.

Siku nyingine waliniomba niwaeleze habari za karafuu. Kila mmoja wao aliijua karafuu, kwa sababu hutiwa katika biskuti za Krismasi, katika kabeji nyekundu na katika mvinyo wa moto wa majira ya baridi, lakini hakuna aliyewahi kuona mkarafuu. Nilijitayarisha kwa siku kadhaa. Nilitafuta namna ya kusema kupanda mti, kuinamisha tawi bila kulivunja, kuchambua makonyo, kuanika kwenye majamvi na kuwahi kuanua mvua ikitanda. Kamusi ilinisaidia nusu ya njia. Nusu iliyobaki nilisaidiwa na wao wenyewe, maana nilipoonyesha kwa mikono walishindana kunipa neno, na neno nililopewa na mtu anayetaka kujua mwisho wa hadithi yangu sikulisahau tena.

Mmoja wa wanawake hao, aliyekuwa karibu kustaafu, alinialika bustanini kwake. Leipzig ni mji wa bustani ndogo ndogo za wafanyakazi. Jumuiya ya kwanza ya bustani zilizopewa jina la daktari Schreber iliundwa hapo mwaka 1864, na mpaka zama zetu familia nyingi zilizoishi ghorofani zilikuwa na kipande cha ardhi pembeni ya mji, chenye kibanda cha mbao, miti ya matunda na vitalu vya mboga. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kilimo, yeye alikuwa na mgongo unaomuuma. Haja zetu zilikutana. Kila nilipopata nafasi mwisho wa wiki nilikwenda kumsaidia kupalilia, kufunga nyanya kwenye vijiti, kuchuma plamu na kuzihifadhi ndani ya chupa kwa ajili ya baridi.

Pale bustanini nilijifunza Kijerumani cha mkono: nipe, shika, kata hapa, sio hapo, polepole, kaza, legeza. Ni maneno mafupi ambayo vitabu huyapita haraka, na ndiyo yanayobeba lugha ya kila siku. Kisha, tukikaa kibandani kunywa kahawa, alinisimulia maisha yake: vita, mabomu, mume aliyerudi kutoka ufungwani akiwa mtu mwingine. Katika Kijerumani kitenzi mara nyingi hukaa mwisho kabisa wa sentensi, na msikilizaji asiyekuwa na subira hatajua kama mtu aliyetajwa aliokolewa au alizikwa. Darasani niliiona hiyo kuwa kanuni ngumu. Mbele ya bibi yule ilikuwa adabu ya kusikiliza. Alikuwa akiniita "mwanangu", nami nilizoea kumwita bibi, kwa Kiswahili, naye aliitika.

Chuo Kikuu cha Karl Marx, nilikohamia baada ya mwaka wa Herder, kilikuwa na idara ya taaluma za Afrika, na ndani yake Kiswahili kilifundishwa. Wanafunzi wa Kijerumani waliosoma huko walikijua Kiswahili cha kitabu, wakasarifu vitenzi vizuri kuliko hata baadhi yetu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Shida yao ilikuwa ile ile yangu, ila kwa upande wa pili. Mmoja wao, msichana mwenye sauti ndogo na moyo wa kujifunza, aliniomba tubadilishane. Tulikutana katika bustani kubwa ya mji iliyoitwa kwa jina la Clara Zetkin, tukatembea kwa Kijerumani mpaka tukazunguka bwawa, kisha tukarudi kwa Kiswahili. Tulikubaliana kwamba hakuna kumkatiza mwenzako katikati ya maneno. Kila mmoja aliandika katika daftari lake yale aliyotaka kumsahihisha mwenziwe, na tukikaa kwenye benchi mwisho wa matembezi ndipo tuliyapitia.

Utaratibu huo ulikuwa na heshima ndani yake. Hakuna aliyekuwa mwombaji wala mfadhili. Yeye alinitengenezea vibainishi vya majina vinavyobadilika kwa jinsia, mimi nilimtengenezea ngeli. Tuligundua kwamba mtu aliyelelewa na Kiswahili hashangazwi na lugha inayotaka kila neno likubaliane na jina linaloliongoza. Akili yake imeshazoea kusema kitabu changu kizuri kimoja na vitabu vyangu vizuri viwili. Kinachobaki ni kujifunza mlango mwingine wa jambo lile lile. Nadhani ndiyo maana Watanzania wengi tuliokuwa pale, na wale waliosoma Moscow, hatukuiona sarufi ya Kijerumani na ya Kirusi kuwa ukuta kama tulivyotishwa kabla ya kusafiri.

Dakhalia yetu mpya ilikuwa Barabara ya Tarehe 18 Oktoba, upande wa kusini wa mji. Ukitoka hapo kwa miguu unafika Maktaba ya Ujerumani, na jirani yake kuna kanisa la Kirusi lenye kuba la dhahabu, lililojengwa mwaka 1913 kuwakumbuka askari 22,000 wa Urusi waliokufa katika vita vya Leipzig dhidi ya Napoleon mwaka 1813. Ghorofani kwetu waliishi wasichana kutoka Umoja wa Kisovieti, na wawili kati yao walikuwa Waislamu wa Tashkent, katika Uzbekistan. Jiko lilikuwa moja kwa korido nzima. Jioni moja nilisikia harufu ya bizari nyembamba ikikaangwa, nikatoka chumbani mbio nikidhani kuna Mzanzibari mwenzangu aliyewasili. Nilimkuta msichana wa Tashkent akipika pilau.

Pilau yao ina karoti nyingi zilizokatwa vijiti vyembamba na kichwa kizima cha kitunguu thomu kilichozikwa katikati ya mchele. Haina viazi, haina mdalasini wala hiliki. Nilitaka kujua kwa nini maji yanatiwa mwisho, na yeye alitaka kujua sisi tunautia lini mchele. Kijerumani chake kilikuwa kidogo, Kirusi changu wakati huo kilikuwa salamu tu. Tukaanzia kwenye sufuria. Aliyataja mambo kwa Kirusi nami nikayarudia: kisu, chumvi, koroga, funika, ngoja. Kirusi kina desturi ya kuwa na kitenzi kimoja kwa jambo linaloendelea na kingine kwa jambo lililokamilika, na wanafunzi wengi huliogopa somo hilo. Mimi nalishukuru jiko. Kukaanga vitunguu ni jambo moja, na vitunguu vilivyokwisha kukaangwa mpaka vikawa tayari ni jambo jingine, na mpishi hawezi kuyachanganya hayo mawili bila kuharibu chakula.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kirusi hakikuwa lugha ya mama ya wasichana wale. Nyumbani walizungumza Kiuzbeki, Kirusi walikisoma shuleni, kwa hiyo walikitamka wazi na taratibu, na walijua mahali mgeni anapokwama kwa sababu nao waliwahi kukwama hapo. Mimi nawaambia wanaojifunza lugha leo wasimdharau mwenzao aliyeipata lugha kwa kuisoma. Anaweza kuwa mwalimu bora kuliko mzawa asiyekumbuka aliipataje.

Watu waliniuliza kwa nini nijitaabishe na Kirusi wakati masomo yangu yote yalikuwa kwa Kijerumani. Jibu lilikuwa ardhini. Elimu ya udongo kwa sehemu kubwa ilizaliwa Urusi. Vasily Dokuchaev alichapisha mwaka 1883 kitabu chake juu ya udongo mweusi wa nyika za Urusi, na majina aliyoyatumia yeye na wanafunzi wake yamo mpaka leo katika vitabu vya kilimo duniani. Udongo mweusi wa aina hiyo upo pia Ujerumani, upande wa Magdeburg na Halle, si mbali na Leipzig. Vitabu vya Kisovieti viliuzwa mjini kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Nilinunua kimoja, nikakifungua mezani jikoni, na rafiki yangu wa Tashkent, aliyekuwa akisomea fani nyingine kabisa, alinisomea kurasa za mwanzo kwa sauti huku tukisubiri wali uive.

Wanafunzi wenzangu wa Kijerumani walishangaa. Wao walilazimishwa Kirusi tangu darasa la tano. Jumuiya ya Urafiki wa Ujerumani na Usovieti ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni sita, na askari wa Kisovieti zaidi ya laki tatu walikuwa wamepiga kambi nchini. Hata hivyo wengi walimaliza shule bila uwezo wa kufanya mazungumzo ya kawaida. Askari wale walikaa nyuma ya kuta, ruhusa ya kutoka ilikuwa ya nadra, na urafiki ulikuwa wa mikutano na hotuba. Niliwatazama nikakumbuka Kikwajuni. Miaka na miaka ya ujirani, na katikati hakuna kazi ya pamoja.

Kazi ya pamoja niliipata tena katika shamba la ushirika nilikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo. Wakamuaji walianza kabla ya alfajiri, na mazungumzo yao yalikuwa na mzaha mwingi na lafudhi nzito kuliko ya mjini. Hakuna aliyepunguza mwendo kwa ajili yangu, kwa sababu ng'ombe hangojei. Ilinibidi nishike maana kutokana na jambo lenyewe: ndoo ipi, zizi lipi, ndama yupi hataki kunyonya. Matrekta yalikuwa ya Belarus, na siku moja fundi alinijia na karatasi ya maelekezo ya kipuri iliyoandikwa Kirusi. Niliisoma naye mstari kwa mstari, nikiipeleka kwenye Kijerumani kama nilivyoweza. Trekta liliwaka. Tangu siku hiyo fundi yule aliniita "mhandisi", na mimi nilijua kwamba Kirusi changu kimetoka jikoni.

Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, Leipzig ilibadilika kwa ajili ya maonyesho ya biashara, desturi ya mji huo tangu karne za kati. Herufi mbili za M, moja juu ya nyingine, alama ya maonyesho hayo, zilionekana kila mahali. Wenyeji waliwapangisha wageni vyumba vya nyumba zao, na wanafunzi wanaojua lugha walitafutwa kusaidia. Uwanja wa maonyesho ulikuwa karibu na dakhalia yetu, na banda la Usovieti, lenye mnara mrefu na nyota kileleni, lilionekana kutoka mbali. Nilipata kazi ya kuwaelekeza wageni. Asubuhi nzima nilihama kutoka Kijerumani kwenda Kirusi, kutoka Kirusi kwenda Kiingereza, na mara moja moja Kiswahili alipotokea mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Malipo yalikuwa madogo. Nilichokipata ni wepesi wa kuhama, ambao hauji kwa mtihani wowote.

Likizo moja nilisafiri kwa treni kwenda Moscow, ambako ndugu yetu mmoja wa Pemba alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa mwaka 1960. Safari ilipita Warsaw, na tulipofika Brest, mpakani, treni ilisimama kwa muda mrefu. Reli za Ulaya ya kati zina upana wa milimita 1,435 na za Usovieti 1,520, kwa hiyo mabehewa yalinyanyuliwa, abiria tukiwa ndani, yakabadilishwa magurudumu. Muda huo wa kusubiri ulifungua vinywa. Mama mmoja alitoa mayai ya kuchemsha na matango, mwingine mkate mweusi, mimi nilikuwa na halua niliyoletewa kutoka nyumbani. Mhudumu wa behewa alileta chai katika bilauri zilizovishwa vishikio vya chuma. Walitaka kujua kila kitu: wazazi wangu wako hai, nimeolewa, kwetu kuna theluji, nani alinifundisha Kirusi. Nilijibu mpaka sauti ikakauka.

Ndugu yule wa Pemba alizungumza Kirusi kwa ufasaha ulionistaajabisha. Nilimuuliza siri. Alisema wakati wa likizo za kiangazi alijiunga na vikosi vya wanafunzi vinavyokwenda kujenga nyumba na maghala mikoani. "Mwalimu alinifundisha kusema vizuri," aliniambia, "lakini ni waashi walionifundisha kuelewa." Maneno hayo yalikuwa sawasawa na yale ambayo mimi ningeweza kumwambia juu ya wakamuaji wangu.

Sitaki msomaji adhani kwamba milango yote ilikuwa wazi. Tulipata maneno machafu ndani ya tramu, na baadhi ya wazazi wa wenzetu Wajerumani hawakutaka kutuona nyumbani mwao. Lugha haikuyaondoa hayo. Ilitupa uwezo wa kujibu, na mara nyingine jibu lililotamkwa vizuri liliwafanya abiria wengine watutetee. Niliona pia jinsi siasa inavyoweza kubadilisha thamani ya lugha kwa siku moja. Novemba 1988 serikali ilisimamisha usambazaji wa Sputnik, jarida la Kisovieti lililotolewa kwa Kijerumani, kwa sababu ya habari za mageuzi zilizokuwa ndani yake. Wenzangu waliokuwa wakikichukia Kirusi tangu utotoni sasa walikuja jikoni kwetu kuuliza magazeti ya Moscow yanasemaje. Wasichana wa Tashkent walisoma, mimi nilisaidia kufasiri, na wale walioacha Kirusi kabatini walijuta.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 waliandamana katika barabara inayozunguka katikati ya Leipzig. Sisi wageni tulishauriwa tubaki ndani. Nilipokwenda bustanini baadaye, bibi yangu alinieleza usiku ule ulivyokuwa: hofu ya kupigwa risasi, mishumaa, majirani wasiojuana walioshikana mikono. Alizungumza kwa Kisaksonia chake cha haraka, machozi yakimtoka, na sikupitwa na neno hata moja. Ningefika Leipzig nikabaki na kitabu changu, siku ile ningeambulia habari ya redio tu.

Nilirudi Unguja nikiwa na shahada ya kilimo na lugha mbili ambazo sikujua kama nitazitumia. Sasa naziona kila mahali. Nungwi, Paje na Mji Mkongwe kumejaa wageni wanaozungumza Kijerumani na Kirusi. Vijana wetu wanajifunza lugha hizo vyuoni na kwa simu zao, na Dar es Salaam kuna Goethe-Institut na kituo cha utamaduni cha Urusi. Lakini wengi bado wanabaki na maneno machache ya kuuzia, karibu, bei nafuu, rafiki, kama vile mgeni ni mkoba tu. Hiyo siyo fursa ya lugha.

Nawaomba walimu wawatafutie wanafunzi wao kazi halisi. Wapelekeni mashamba ya viungo ya Kizimbani wakaeleze karafuu na hiliki kwa Kijerumani kwa mtu anayetaka kujua. Watafutieni wageni wanaojifunza Kiswahili wabadilishane nao saa kwa saa, bila malipo, kila mmoja na daftari lake. Wawekeni kando ya daktari au fundi anayehitaji mfasiri. Na katika mitaa yenu mna wazee waliosoma Leipzig, Moscow, Kiev na Tashkent, wengi wamestaafu, lugha zimo vifuani mwao na hakuna anayewauliza. Bisheni hodi, waulizeni. Mimi mwenyewe niko Kikwajuni, na kijana atakayekuja kujifunza Kirusi nitamkaribisha jikoni.